Siku ya Kupanda Mitambo

Wametuagiza tuoshe mitambo. Nikaiosha greda
kwa ndoo sita, na hapa Nala
ndoo sita ni mjadala wa nyumba nzima.
Mama mmoja alipita na dumu kichwani,
akatazama ninavyolisugua tairi,
hakusema kitu.
Asante, mama, kwa kutosema.

Saa tatu uwanja wa shule umefurika.
Zimamoto amekuja, mwekundu, anajijua.
Boza la maji limekuja, na ambulensi, na trekta,
hata gari la taka, wamelipulizia marashi,
lakini nzi hawadanganyiki,
wamelifuata toka mjini.

Watoto walimwagika kama uwele gunia likitoboka.
Mwalimu Ndahani alipiga filimbi
mpaka filimbi ikachoka kabla yake.
Kila mmoja anataka honi.
Honi! Honi tena!
Mbuzi wa jirani wakakata kamba.

"Anko, linakula nini?" Dizeli.
"Linalala wapi?" Pale kazi inapoishia.
"Ukibanwa na haja je?" Nikakohoa.
"Mkeo anajua kuliendesha?" Nikakohoa tena.
Mbeleje akasimama kando ya tairi, akajipima,
akapungukiwa shubiri moja.
"Mwakani," akaliambia, si mimi, tairi.

Sechelela hakuja mbio.
Alivua viatu kwenye ngazi
kama aingiaye nyumba ya watu,
akakaa kitini, miguu inaning'inia,
akaliangalia bledi kwa muda.
"Ndilo hili?"
Hili lipi?
"Lililopita kwetu. Jiko la bibi
lilipigwa X nyekundu."

Miaka kumi na tisa nimekalia kiti kile.
Nimechonga Bahi, Manyoni, Kondoa hadi Bereko,
sijawahi kuulizwa na mwenye jiko.
Wenye majiko huondoka kabla sijafika:
hung'oa bati, hung'oa mlango, hubeba mafiga,
huniachia ukuta na masizi yake.
Ukuta wa udongo ni nusu dakika,
chai yangu kwenye chupa haipoi.

Ningeweza kusema ni lingine.
Magreda yote ni ya njano.
Nikasema: ndilo hili. Na dereva ni mimi.

Akatafuna mdomo wa chini.
"Bibi alilipwa," akasema, kana kwamba ananitetea.
"Akajenga lingine kule nyuma.
Ila moshi hautoki vizuri."

Sikuwa na jibu la moshi.
Nikawasha injini. Nikaweka kiganja chake
juu ya wenzo, changu juu ya chake.
Shusha, nikamwambia, taratibu,
kama unamlaza mtoto aliyesinzia.
Akashusha. Tani zile zote
zikagusa ardhi, vumbi lisiinuke.
Mimi somo hilo lilinichukua miezi minane
na matusi ya Mzee Chedego, Mungu amrehemu.

"Linaweza kuziba shimo?"
Shimo gani?
Akanyoosha kidole nyuma ya darasa la nne.
"Tunapochezea rede. Ukikwepa mpira
unaingia shimoni, halafu wanasema umekufa.
Hujafa. Umeanguka tu."

Ratiba haikuwa na shimo la rede.
Ratiba ilikuwa na hotuba, na soda,
na picha ya pamoja mbele ya zimamoto.
Nikangoja hotuba ziishe. Ziliisha kwa shida.
Watoto wakapangwa mbali, nyuma ya kamba,
nikaenda na kurudi mara nne,
mara ya tano kwa ajili ya urembo.
Kabla sijazima injini
wasichana walishachora mistari yao,
na Sechelela katikati, sketi kaikunja,
anakwepa.

Daftari la mtambo lina safu zake.
Jioni nikajaza, mwandiko ukicheza kidogo:

Saa za kazi: moja kasoro robo.
Mafuta: sikupima.
Kazi: kusawazisha uwanja wa rede.
Aliyeagiza: Sechelela, darasa la nne.
Maoni: bibi yake ana jiko linalofuka moshi.
Jumamosi nitakwenda kuliona, kwa miguu.